Tumempumzisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Nilikuwa msichana mwepesi wa ulimi, nikimuuguza kaka yangu Hamisi hospitalini. Saratani ya tezi ilivimba kifuani mwake mpaka akakosa pumzi, wakamwingiza chumba cha wagonjwa mahututi. Nesi akatoka, akaniambia kwa upole, "Tumempumzisha, yuko kwenye mashine."

Mimi nikasikia amepumzika. Na kwetu aliyepumzika ni marehemu, basi. Sikuuliza hata neno. Nikapiga simu nyumbani Mpapura, nikawaambia Hamisi amepumzika, nikalia, nikakata.

Baadaye daktari akaniita. "Tunataka kumwanzishia dawa ya saratani leo hii."

"Dawa? Kwa maiti?"

Akanikodolea macho. "Maiti yupi, dada? Tumempa usingizi ili mashine impumulie. Uvimbe ndio unaombana. Ukinywea, huenda mashine tukaitoa. Dawa ni kali, siwezi kukuahidi, lakini tukingoja tutampoteza."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga simu tena, akapokea baba mdogo. "Kaburi tushachimba, unatwambia nini wewe? Hiyo ni mashine inapumua, yeye kashakwenda. Mwacheni, msimtese."

Nilimlilia mpaka sauti ikakauka, ndipo akasema, "Haya, wampe." Na kwa kuwa wazee hawakutaka kaburi likae tupu, wakalaza mgomba ndani, wakafukia. Mgomba, mwanangu! Uliitwa jina la kaka yangu.

Uvimbe ulinywea, na siku ya tisa walimtoa mpira wa mashine kooni. Mama, aliyekuwa hasemi nami tangu afike, alimshika Hamisi mguu, akauona una joto. Akanigeukia. "Umenizikia mwanangu angali hai." Afadhali angenipiga.

Tulikaa na Hamisi miaka mingine mitatu. Saratani iliporudi, daktari alisema safari hii mashine haitamfaa. Tuliuliza, tukaelewa, tukamrudisha nyumbani, akafia mikononi mwa mama.

Basi, mwanangu, ukisimama mlangoni pa mgonjwa, uliza. Yu hai? Mashine inamfanyia nini? Dawa hii mnatarajia ilete nini, na isipoleta tutafanyaje? Usione haya kuuliza mara ya pili kwa neno usilolielewa, hata kama ni Kiswahili chako mwenyewe. Simu ya nyumbani ingoje. Mungu akupe ulimi wenye subira, na kila unayemuuguza akuone uko upande wake mpaka mwisho. Amina.