Mkono wa Ndugu Yangu Kwenye Gitaa

Ndugu yangu mdogo aliosha dhahabu kwenye machimbo ya Macalder miaka mingi, akichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ikamletea mtetemo. Kwanza alimwaga uji kabla kijiko hakijafika mdomoni, halafu gitaa nalo likamshinda.

Baba yetu alipenda santuri za rumba kutoka Kuba. Ndugu yangu hakujua neno la Kihispania, lakini aliushika ule mdundo akautilia maneno ya Kijaluo: majina ya babu zetu na mahali walikotoka. Watu wa kwetu huzikwa kwa rumba hiyo. Mimi ni mzee wa kanisa na sijawahi kuikataza, maana majina hayo hayajaandikwa popote.

Alipoona nguvu zinamwishia alimwita binti yake kutoka Kosele amfundishe wimbo huo. Binti hupiga gitaa kanisani, lakini alikuwa mtoto mdogo mtetemo ulipoanza, na hakuna mwingine aliyejua kuupiga.

"Baba, polepole. Vidole vyako vinakimbia kama kuku."

"Kuku aliyechinjwa," akajibu. Tukacheka kidogo.

Nilikaa nyuma yake nikamshika mkono ili utulie.

"Omera, kaka, unanibana kama polisi!"

"Piga, ndugu yangu. Acha maneno."

Nilibana kwa nguvu zangu zote, lakini mtetemo ulipita chini ya kiganja changu ukafika kwenye nyuzi. Nilimwomba Mungu autulize kwa wimbo mmoja tu. Haukutulia.

Tulimzika wakati wa mvua. Tuliteka maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha. Binti akapiga, na majina yote yakatoka, hakuruka hata moja. Ila mwisho wa kila mstari, pale ambapo ndugu yangu alipokuwa mzima aliuacha uzi unyamaze, binti aliutetemesha. Ndivyo alivyofundishwa. Wanawake wakainuka kucheza, na mabega yao yakautetemekea ule uzi.

Baadaye alinijia, macho mekundu. "Baba mkubwa, nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu."

Namshukuru Mungu kwa majina. Siku hizi nawasikia wajukuu wakiuimba wimbo huo uani, na wakifika mwisho wa mstari wanatetemesha sauti. Mimi peke yangu ndiye ninayekumbuka kwamba hapo palikuwa kimya.