Jeli ya Kitani na Draya ya Wifi

Kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwa mwanamke huyu ni jinsi alivyofungua milango. Hakutumia kiganja. Alibonyeza kitasa kwa kiwiko, akaingia kwa bega, kisha akaurudishia mlango kwa kisigino, kwa sababu vidole vyake vilishinda vinang'aa mafuta. Mtaani walimbatiza jina la Kiwiko, naye akaitika bila kinyongo. Kinyongo alikuwa amekiweka akiba kwa mtu mmoja tu: wifi yake.

Wifi mtu alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya mama mkwe, na jiko ambamo Kiwiko alitengenezea mafuta yake ya nywele lilikuwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Mteja wa Kiwiko hakuwa na njia nyingine. Alilazimika kukatiza saluni, mbele ya vioo na viti, macho ya msusi yakimsindikiza mgongoni hadi mlango wa jikoni.

"Karibu, dada," msusi angesema kwa sauti ya asali. "Unakwenda kupakwa mboga? Usisahau kuomba na chumvi."

Jibu lilitoka jikoni kabla mteja hajafika. "Bora mboga, wifi! Hiyo dawa yako ya kulainisha ikidondoka sakafuni, saruji inatoa povu!"

Mume wa Kiwiko, ambaye ndiye kaka wa msusi, alikuwa amejifunza kuwa kiziwi awapo nyumbani. Akiulizwa yuko upande wa nani, alijibu kwamba yuko upande wa chakula.

Ugomvi ulipamba moto siku binti wa fundi cherehani alipokuja na kitambaa kichwani. Alikuwa amechumbiwa. Alipokifungua kitambaa, wateja waliokuwa wakisubiri waligeuza nyuso. Nywele za mbele na za panjani zilikuwa zimekwisha, ngozi inang'aa kama sahani. Kila mtu pale alijua ni nani aliyekuwa akimsuka, na jinsi mkono wa msusi ulivyovuta rasta hadi mtu akawa anacheka bila kupenda.

"Sitaki wigi siku ya harusi yangu," binti alisema. "Nataka nywele zangu."

Kiwiko alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko. Angeweza kumwita binti pembeni na kumwambia kwamba atajaribu. Badala yake aliangalia kioo, akamwona wifi yake ndani yake, na mdomo ukakosa breki.

"Utaolewa bila wigi, mwanangu. Nikishindwa, naondoa sufuria zangu kwenye jiko hili na sirudi tena."

"Umesikika," msusi alidakia. "Mama! Umemsikia mkweo?"

"Nimemsikia," mama mkwe alijibu kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Haya masikio sikuyavaa kwa urembo."

Basi jiko likawa rehani. Kiwiko hakuwa na mahali pengine pa kuchemshia chochote, na bila jiko lile angerudi kuwa mke wa mtu tu, anayeomba hata hela ya sabuni.

Alimtengenezea binti mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na ya nazi, na jeli ya mbegu za kitani. Jeli ndiyo iliyokuwa fahari yake. Alichemsha mbegu kwa maji, akikoroga mpaka maji yakavutika nyuzi kama ute wa yai, kisha akaichuja ingali ya moto kwa soksi ndefu nyembamba, kwa maana ikipoa haichujiki tena. Mwisho alitia mafuta ya karafuu. Alipenda karafuu kupita kiasi, hata mumewe alidai kwamba analala na kabati la viungo. Gudulia zima la jeli aliliweka kwenye friji ya saluni, kati ya soda za wateja, akawa anampaka binti kila alipokuja.

Wiki chache baadaye binti alirudi akijikuna. Pembezoni mwa paji lake kulikuwa na vipele vyekundu.

"Ehee!" msusi alipiga makofi. "Mboga imeota!"

"Umeingiza mkono wako kwenye gudulia langu," Kiwiko alifoka. "Umetia nini humo, mchawi wewe?"

"Mimi? Hata kuligusa kopo lako naona kinyaa!"

Kiwiko aliifungua friji ili achukue gudulia liwe ushahidi. Taa ya ndani haikuwaka. Soda zilikuwa vuguvugu. Alifuata waya kwa macho na kuikuta plagi imelala sakafuni, na kwenye tundu pekee la ukuta ule ilichomekwa draya ya msusi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kila nikikausha kichwa nachomoa. Tundu ni moja. Ulitaka niwakaushe watu kwa kuwapuliza?"

"Umeniua, wifi."

"Nimekuua nini? Na pua yako ilikuwa imesafiri?" Msusi alimpokonya gudulia, akafungua, akalisogeza mbali na uso wake. "Imechacha hii! Mama, njoo unuse."

Kiwiko aliinusa. Alinusa karafuu, karafuu tupu. Ndipo mama mkwe alipochovya kidole, akakigusanisha na kidole gumba na kuviachanisha. Hakuna uzi uliovutika. Jeli ilikuwa imegeuka maji, na chini ya karafuu, ukivuta pumzi kwa makini, kulikuwa na harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa. Kiwiko alikuwa ameipaka kwenye kichwa cha mtoto wa watu, tena akijisifu. Aliimwaga yote kwenye karo.

Binti akawakazia macho wote wawili. "Ninyi wawili mmeniharibu kichwa kwa zamu. Mmoja kaning'oa, mwingine kaniozesha. Sasa mtanirekebisha pamoja, la sivyo baba yangu atakuja hapa na mkasi wake."

Walimwosha na kumwacha bila kupaka kitu mpaka vipele vikapona. Baada ya hapo Kiwiko alichemsha jeli kijiko kwa kijiko, akaitumia siku hiyo hiyo na kumwaga masalia, karafuu hakuigusa. Msusi alimsuka mikia minono, legelege, huku akinung'unika kwamba hata bibi kizee asiye na nguvu angesuka vizuri zaidi.

"Unavuta," Kiwiko alimwambia.

"Sivuti, nashika. Angalia chungu chako."

Hawakuombana radhi. Salamu yao ilikuwa kurushiana chumvi mezani. Siku moja Kiwiko aliona vinyweleo laini vimeanza kuota kwenye panja la binti, akamwita wifi yake kwa kidole.

"Vumbi hilo," msusi alisema.

"Vumbi hutoka ukilisugua."

Msusi alisugua, akasugua tena, vinyweleo vikabaki palepale, kisha akaenda kukunja taulo. Siku iliyofuata binti alisafiri kwenda kwa shangazi yake kwa maandalizi, mikia imefichwa ndani ya kitambaa cha hariri, mafuta yake mkononi na amri ya kutosukwa na mtu mwingine yeyote.

Sasa imefika asubuhi ya harusi. Saluni imejaa watu ambao hawakuja kusukwa. Mama mkwe amevaa miwani. Fundi cherehani amepiga simu kwamba gari limeshatoka kwa shangazi na litapita kwanza hapa saluni, na kwamba binti amekataa katakata kukifungua kitambaa njiani.

"Sogea, unanizibia mwanga," msusi anasema, akikifuta kiti kwa mara nyingine.

"Mwanga nao ni wa mama yako?"

"Ndiyo. Na dirisha."

Kiwiko hasogei. Honi inalia kwenye kona, na wote wawili wanauendea mlango kwa pamoja, bega kwa bega, wakisukumana.