Usukani wa Dharura Ziwa Babati

Heri mnisikie mwenyewe, maana mkihadithiwa na watu wa kijiji cha Mutuka wataongeza chumvi, na aibu yangu inatosha hivyo hivyo ilivyo.

Miaka ile ya themanini, sukari hakuna, sabuni hakuna, viberiti kwa foleni, meli niliyokuwa nashika usukani kule Mwanza ilifungwa bandarini kwa kukosa vipuri, nikarudi nyumbani Babati na mke, watoto wanne na sare yangu nyeupe (niliitunza kuliko watoto, Mungu anisamehe). Nikakaa mwaka mzima bila kazi, tunakula kwa hisani ya baba mkwe. Ndipo ofisi moja ya serikali ikaleta boti ya injini ziwani na kutafuta nahodha. Nani tena kama si mimi? Nikaambiwa Ijumaa anakuja mkaguzi, boti ikifaulu, kazi ni yangu.

Asubuhi ile nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, safi. Ukabaki usukani wa dharura, yaani mkono wa chuma unaochomekwa nyuma ya boti, ili waya wa usukani ukikatika uongoze kwa mkono. Kuujaribu ni dakika moja. Moja tu jamani! Mara mke wangu anakuja mbio.

"Baba Neema, sabuni imefika dukani! Kila mtu mche mmoja, njoo tupange foleni wawili!"

Nikaitazama sare, ina doa kifuani, nikaandika kwenye daftari "usukani wa dharura umejaribiwa, uko sawa", nikatia sahihi, nikatimua mbio.

Saa tisa ufukweni watu wamejaa, wa Bonga, wa Sigino, hata baba mkwe yupo. Mkaguzi, mzee mpole wa kaunda suti, akapanda, tukaondoka vizuri, nami nikakata kona moja ya kujionyesha. Tap! Waya umekatika, boti ikaanza kuzunguka.

"Haya, usukani wa dharura," mkaguzi akasema, ametulia kabisa, maana daftari alishalisoma.

Nikarukia nyuma na ule mkono wa chuma. Hauingii! Nasukuma, nagonga, hauingii ng'o, kumbe ni wa boti nyingine, mnene kuliko tundu. Na watu ufukweni wanapiga vigelegele, wanadhani kuzunguka ndiyo maonyesho yenyewe (na mimi, mjinga mkubwa, nikawapungia kofia).

"Zima injini, wewe!" mkaguzi akaniambia.

Injini! Nahodha mzima nimesahau injini. Kabla sijaifikia tukavamia matete, boti ikapanda tope, nami nikaenda chini kifudifudi na sare yangu. Mvuvi mmoja ndiye aliyetuvuta kwa mtumbwi mpaka ufukweni, na huko hakuna aliyekuwa akishangilia tena, ni vicheko tu.

Mkaguzi akafungua daftari mbele ya mke wangu na baba mkwe.

"Ndugu, sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Uliujaribu?"

Nikainama kufuta tope kwenye sare.

"Ungeandika hujaujaribu, ningesubiri mpaka Jumatatu tuuchonge, na kazi ningekupa."

Hata hakufoka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mama Neema akaondoka bila kunisubiri. Kazi akapewa mtu wa Kigoma.

Tangu siku ile, kitu sijafanya nasema sijafanya, hata kama ni kusali kabla ya kula. Lakini kazi ya boti hakuna aliyenipa tena.