Madam Phelesia na Mkutano wa Galaksi

Mwaka 1996 Phelesia Nchagwa alikuwa akifundisha fizikia katika shule moja ya upili karibu na Sori, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakuwa na darubini wala kompyuta, ila swali moja lilimnyima raha: ikiwa hapo mwanzo maada ilisambaa karibu sawasawa kote, imekuwaje leo galaksi zimejipanga kama nyuzi za wavu, na katikati patupu?

Wataalamu walikokotoa kwa kompyuta. Phelesia akaamua kutumia wanafunzi.

Alianza na kumi. Aliwatawanya uwanjani, akawapa sheria: filimbi ikilia, piga hatua moja kuelekea palipo na watu wengi, na aliye karibu akuvute zaidi kuliko aliye mbali. Baada ya filimbi chache wote walikuwa lundo moja, Caren wa kidato cha pili akilia kwamba amekanyagwa.

"Kumi wananipa lundo tu," alimwambia mwalimu mkuu. "Wavu unataka watu wengi."

"Wengi wangapi?"

"Shule nzima."

Mwalimu mkuu, aliyetaka kurudi kwenye gazeti lake, alikubali.

Basi asubuhi moja wanafunzi mia tatu walitawanywa uwanjani, naye Phelesia akapanda ngazi ya tangi la maji na daftari lake. Filimbi ya tano, vikundi vya watatu wanne vikaonekana. Ya kumi, vikundi vikubwa vilikuwa vikimeza vidogo, na kati yao ikabaki mistari mirefu ya waliovutwa huku na huku. Akachora upesi. Ulikuwa wavu kweli!

Bahati mbaya ilikuwa siku ya soko. Wapita njia waliona mistari ya watu ikisogea polepole, kimya. Mama mmoja muuza dagaa wa omena alitua beseni lake, akajiunga nyuma.

"Wanagawa nini?" aliulizwa na aliyemfuata.

"Sijui. Shika laini tu."

Palipojaa watu ndipo wengine walipokimbilia, bila filimbi wala sheria. Ndipo chifu akafika na askari wawili, maana miaka hiyo mkutano bila kibali ulikuwa kosa.

"Nani ameitisha mkutano huu?"

"Hakuna, Chifu," Phelesia alijibu kutoka ngazini. "Ni mvutano tu."

Chifu akatoa kalamu. "Huyo Mvutano ni wa chama gani?"

"Hana chama. Yuko kila mahali."

"Hao ndio wabaya zaidi. Tawanyikeni!"

Hakuna aliyetawanyika. Watu walipomwona chifu walijua ugawaji unaanza, wakamzunguka yeye na askari wake. Phelesia akawachora pia, kikundi kikubwa kuliko vyote.

"Chifu, panda uone!"

Chifu alijipenyeza, akapanda, akatazama kwa muda. "Pale katikati mbona hakuna mtu?"

"Waliokuwapo wamevutwa pembeni, kidogo kidogo."

Chifu akasema kwa sauti ya chini, "Hebu piga filimbi tena."

Watu wa soko walikataa kuondoka mikono mitupu, ikabidi mpishi wa shule awapikie uji. Jumatatu Phelesia aliitwa ofisini kwa chifu kutia sahihi ripoti: "Mkutano wa nyota. Hakuna uchochezi."

"Chifu, hazikuwa nyota. Zilikuwa galaksi."

"Madam, nimeshapiga muhuri."