Picha ya Bibi Harusi Niliyoikoleza

Kamera yangu ni ile kubwa ya kubadilisha lenzi, na siku ile iliniaibisha. Harusi ilikuwa mtaa wa Dunda, kwa mama yangu mkubwa, akimwoza binti yake wa pekee. Turubai jeupe limefungwa uwanja mzima, bibi harusi kavaa nyeupe, ukuta nyuma yake umepakwa chokaa juzi tu. Nyeupe juu ya nyeupe juu ya nyeupe! Picha zote zikatoka zimepauka, kama uji uliozidi maji.

Mwingine angesema zinatosha. Lakini mama mkubwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Bibi harusi alipotolewa nje kuonyeshwa kwa wanawake, yeye alikaa mbele kabisa na asione kitu ila ukungu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka uso wake tu. Nijue aliondoka kwangu na furaha."

Basi nikakaa kwenye kompyuta. Mambo ya kuongeza kontrasti, yaani cheusi kizidi kuwa cheusi na cheupe kizidi kung'aa, nayajua, lakini jamani, siku ile yalinivuruga. Nikivuta huku, uso unakuwa mweusi tii. Nikivuta kule, pua imepotea. Nikarudisha, nikasahau nilianzia wapi. Mwisho nikapunguza kwanza ule mwanga wa turubai, ndipo nikakoleza vivuli, kidogo kidogo, hadi nyusi, midomo na piko, ile hina nyeusi ya mikononi, vikajitokeza. Nikajisifu mwenyewe. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, ya ukubwa wa kalenda ya ukutani.

Nilimkuta mama mkubwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea?"

Akaisogeza picha hadi ikakaribia kugusa pua, akaigeuzageuza kwenye jua. Mimi huyo nasubiri sifa zangu.

"Namwona," akasema. "Mbona analia?"

"Halii, mama! Ameinamisha macho tu. Si ndivyo alivyofundwa na somo yake?" Kwetu somo, yaani kungwi, humfunda bibi harusi kwamba akitolewa nje asitazame watu wala asicheke. Akithubutu kucheka, mtaa mzima utamsema.

"Na hiki nini?"

Kidole chake kilikuwa shavuni. Nikainama. Mstari mwembamba, mweusi, kutoka jichoni hadi karibu na mdomo. Kwenye picha ya mwanzo haukuwepo. Au ulikuwepo, ukamezwa na weupe? Ni wanja umeyeyuka kwa joto? Ni kivuli cha ushungi? Au ni mimi na kukoleza kwangu, nimemchorea machozi mtoto wa watu? Nikaitafuta ile ya mwanzo kwenye simu, nikaikuza weee, nikaona weupe mtupu. Wallahi sikujua. Alasiri nzima nilisimama mbele yake, jicho langu kwenye kamera, na bado sikujua.

"Itakuwa kivuli, mama."

"Usiniambie itakuwa. Wewe ulikuwepo, tena una macho. Alilia, hakulia?"

"Sijui," nikasema, na niliona haya kulisema.

Akaniamuru nimpigie binti yake. Nikashtuka. Fungate ilikuwa haijaisha! Maharusi wakiwa fungate hawasumbuliwi, na mama mzazi ndiye wa mwisho kabisa kupiga simu. Wakwe wangetuonaje?

"Watuone wanavyotaka," akasema. "Piga."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa ili asikie. Simu haikumaliza hata mlio mmoja, ikapokelewa. Mama mkubwa hakungoja shikamoo.

"Mwanangu, siku ile ulikuwa unalia?"

Nikasikia mlango wa upande wa pili ukifungwa taratibu.

"Mama," akanong'ona, "umejuaje?"