Niliukataa Mfumo Ambao Ungemtetea Agripina

Nilimkosea mtu, ndugu zangu, na nilimkosea nikijua ninachofanya. Nimelibeba kosa hilo miaka hii yote na leo nalitua hapa, mnihukumu mnavyotaka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Ifakara. Katika ofisi yetu ndogo ya afya tulikuwa wawili tu tuliojua kuandika programu za kompyuta: mimi niliyekuwa mkubwa kazini, na Agripina, binti wa Kipogoro kutoka upande wa Mahenge. Tuliandika programu ya kutunza orodha ya watoto wa chanjo. Tuliigawa bure kwa zahanati yoyote yenye kompyuta, pamoja na maandishi yake ya ndani, ili mwenye ujuzi aiboreshe.

Siku moja Agripina alirudi kutoka mafunzoni Dar na disketi mkononi.

"Kaka, hii inaitwa CVS," alisema. "Inatunza kila toleo la programu. Tukikosea tunarudi nyuma. Tena inaandika nani kabadilisha nini, na siku gani."

Uamuzi ulikuwa wangu. Nikamwambia itatuchelewesha, sisi ni wawili tu, tutaendelea na disketi kuu moja, kwenye droo yangu. Na nikatoa amri kwamba nakala nyingine zote zifutwe zisije zikatuchanganya.

Uongo mtupu! Ukweli ni kwamba Agripina alikuwa ameshanipita mbali. Kazi zote nzuri zilikuwa zake, mimi nilikuwa hodari wa kuzisimulia kwa mkuu wa ofisi. Kitu cha kuandika nani kafanya nini kingenivua nguo.

Sasa, bonde letu mnalijua. Msimu wa mpunga ukianza familia nzima inahamia shamba, inakaa kwenye dungu, kibanda cha kulindia mpunga, mpaka mavuno. Programu yetu ilikuwa ikiona mtoto hayupo kijijini, inamwondoa kwenye orodha. Agripina ndiye aliyeligundua hilo, kwa kukaa na kina mama kule kijijini Mchombe. Akafanya kazi wiki kadhaa, kila mtoto akapata makazi mawili, kijijini na shambani. Akanikabidhi, nikaweka kwenye disketi kuu, naye akafuta yake kama nilivyoagiza.

Wiki iliyofuata nilibadilisha rangi ya skrini, rangi tu, kwenye nakala ya zamani niliyokuwa nimebaki nayo mwenyewe. Nikainakili juu ya disketi kuu bila kuangalia. Kazi yake yote ikafutika.

Wauguzi walikwenda Mchombe na orodha isiyo na watoto wa shambani. Ikabidi warudie safari nzima kwenye matope. Mkuu akatuita sote wawili.

"Nani aliharibu hii kitu?"

"Sehemu hiyo alikuwa nayo Agripina," nilijibu.

"Mzee, mimi niliikabidhi ikiwa nzima," Agripina alisema. "Kaka hapa anajua."

"Ushahidi uko wapi?" mkuu aliuliza.

Akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Ushahidi ungekuwa ndani ya ile CVS niliyoikataa.

Mkataba wake haukuongezwa. Wiki zake mbili za mwisho aliiandika kazi ileile upya, toka mwanzo, akaniwekea disketi mezani. Nikaitumia. Nikasifiwa mimi.

Baada ya mwaka hivi nilimfuata Kisawasawa, alikoolewa, nimejiandaa kumwambia kila kitu. Nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo kaka!" Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, huyu ndiye aliyenifundisha kompyuta."

Nilikula wali wake na sikusema. Aliponisindikiza barabarani aliuliza jambo moja tu.

"Ile ya watoto wa shambani, bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi. Namshukuru Mungu."

Gari likaja, nikapanda.

Wewe uliyepewa kuwaamulia wenzako namna ya kufanya kazi, usichague njia kwa sababu inakuficha. Na ukiharibu, sema palepale, mkuu akiwa bado anauliza, maana kesho yake mdomo unakuwa mzito zaidi. Mimi nilingoja. Programu ile ikiwashwa bado inaonyesha jina la mwandishi mmoja, nalo ni langu.