Ilipokuwa La Espiga

Ukitaka kunitafuta hapa Managua usiulize namba ya nyumba, hatuna. Mwambie dereva: kutoka ilipokuwa La Espiga, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona juu, yaani jua linakotokea, kwa Chilo muuza vya kukaanga. La Espiga ilikuwa bekari. Ilianguka kwenye tetemeko la mwaka sabini na mbili, na anayeikumbuka ladha ya mikate yake ni mtu mzima wa kutosha kuitwa bibi. Lakini dereva atakuleta. Akikwambia hapajui, shuka, huyo ni mgeni.

Don Evenor Tijerino ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa tarishi wa posta, akapeleka barua kwa miguu katikati ya mji mpaka siku katikati ya mji ilipokwisha. Muulize jengo lolote la zamani. Atakwambia lilikuwa na ghorofa ngapi, mlango wa rangi gani, na kama mbwa wa pale aliuma. Anayasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya kwenda nayo sokoni. Mama yake alipofariki alibeba jeneza, akarudi, akaniomba kahawa. Siku ile nilimkasirikia sana. Nikasema huyu si mtu, ni gogo.

Tatizo langu ni kwamba habari za Zulema nilizipata baadaye. Zulema ni mkewe. Mwaka sitini na saba aligombana na mama mkwe, akafunga sanduku, akaenda Costa Rica kupika kwenye nyumba za watu. Hawakuachana. Alisema atarudi bibi yule akipoa hasira, na bibi yule, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kupoa. Barua zilikuwa zinakuja, kila mara kutoka nyumba nyingine. Halafu ardhi ikatetemeka, nyumba yao ikalala chini, Evenor na mama yake wakatoka wazima na nguo za kulalia tu, wakahamia huku kwetu. Siku zile redio ilikuwa inasoma majina kutwa nzima, nani yuko hai, nani anamtafuta nani. Evenor akapanga foleni, zamu yake ikafika, akatangaza: "Zulema, sisi wazima. Tupo kutoka ilipokuwa La Espiga, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona juu." Tangazo lile walilisoma siku nne, na redio ile ilisikika mpaka Costa Rica.

Zulema hakuja. Evenor naye hakuhama. Mpwa wake wa Masaya ana chumba kizima kinamsubiri, chenye feni. Kila Krismasi anakuja kumbembeleza: "Mjomba, paa hili litakuangukia. Njoo ukae na sisi." Yeye anamjibu vilevile kila mwaka: "Anwani yangu ilishatangazwa."

Miaka arobaini na mbili, jamani! Mimi mdomo wangu haujui kupumzika, basi nilikuwa namtania. "Don Evenor, huyo mwanamke saa hizi ana mume Mtiko wa hukohuko Costa Rica na meno ya bandia."

"Huenda," anasema. "Niongezee jibini."

Sasa, wazo la shuka lilikuwa la Don Macario, fundi cherehani, rafiki yake wa tangu ujana. Alisema tuchore mji wa zamani kabla hatujafa wote, nyumba kwa nyumba, tuutundike ukumbi wa parokia watoto wauone. Nikatoa shuka langu la kitanda kikubwa, tukalibana uani kwa vibanio vya nguo. Kila Jumamosi saa kumi jioni wazee wanakuja, mimi nakaanga ndizi, wao wanabishana, Don Evenor anachora kwa penseli. Mkono wake haumtetemeki hata kidogo. Kelele zote zile za "hapa palikuwa na sinema!" na "sinema ya baba yako!" yeye anazingoja ziishe, kisha anaandika.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Macario akaja na binamu yake, Doña Petronila Urroz, anayeishi upande wa pili wa mji tangu enzi za mahema ya baada ya tetemeko. Amevuka themanini, kavaa hereni za kutokea, kashika fimbo. Hakuwa anamjua yeyote pale ila Macario. Akalitazama shuka kabla hata ya kukaa.

"La Espiga mmeiweka wapi? Siyo hapo."

"Mama, ni hapo hapo," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nanunua mikate pale kila asubuhi nikienda shule."

"Wewe mtoto wa juzi. Hiyo ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa kona tatu kusini, jirani na kanisa. Tanuri lilipasuka, wakahama mwaka sitini na tisa."

"Sikiliza huyu! Tunaijua La Espiga moja."

"Basi mnaijua nusu."

Macario akajikuna kichwa. "Chilo, tulia. Ni kweli ilikuwepo ya zamani. Jina waliliacha ukutani, sisi wengine tukaendelea kupaita hivyo hivyo."

Don Evenor alikuwa ameshika penseli hewani. "Ni kweli," akasema. "Mlango wa kijani. Haina ghorofa. Mbwa haumi." Akainama kuichora.

Ungefikiri mama yule ameshinda, atakaa ale. Wapi! Petronila alitaka kunizika kabisa mimi niliyembishia. Akanigeukia na fimbo yake.

"Nina ushahidi mimi. Baada ya tetemeko nililala hemani wiki tano, pembeni ya lile tanuri la zamani. Januari akaja mwanamke ametoka Costa Rica, ana sanduku la bluu. Akaniuliza, hapa ndipo ilipokuwa La Espiga? Nikamwambia ndipo. Akageukia ziwani, akaanza kuhesabu kona kwa kidole. Mbili, kisha nusu juu. Akaenda, akarudi. Kesho yake tena. Siku tatu! Sasa niambie, angehesabia pale kama La Espiga haikuwa pale?"

"Alikuwa anamtafuta nani?" Macario akauliza, bado anacheka.

"Mumewe. Mtu wa posta. Nilimwonea huruma, maana hakuna aliyempa neno. Nikamwambia ukweli: mwanangu, ile nyumba unayoihesabia haikutoa mtu mzima, tuliwahesabu wote wakitolewa. Akasema redio ilitangaza kwamba ni wazima; nikamwambia redio inasoma hata majina ya waliokufa. Akaketi chini. Nikampa maji. Asubuhi alikuwa ameshaondoka."

Ndizi zangu ziliungua zote. Nilizisikia harufu na sikuweza kusogea. Macario alikuwa amefumba macho.

"Nini?" Petronila akauliza. "Nimesema nini?"

Don Evenor alimalizia kuandika La Espiga pale chini, karibu na kanisa, herufi zimenyooka kama za bahasha. Kisha akauliza bila kugeuka, "Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba?"

"Lilikuwa. Kamba nyeupe yenye uzi mwekundu."

"Ya vifurushi vya posta," akasema. "Nilimfungia mimi."

Yule mama akaelewa. Fimbo ilimponyoka, akashika kifua. "Ee Bikira! Nimemfukuza mke wa mtu. Baba, nisamehe, nimekufanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu. Ulimwambia unachokijua. Aliyemwelekeza pabaya ni mimi. Alipoondoka yeye, bekari ilikuwa haijahama. Nilijua tarehe ya kuhama, nilipeleka barua zao kote kuwili." Sauti ile ile ya orodha ya sokoni. "Tuendelee. Baada ya La Espiga kulikuwa na kinyozi."

Hakuna aliyeendelea. Niliona hasira, nawaambia kweli. Nilitaka apige kelele, alichane shuka langu vipande, nikalinunue jingine. Yeye akaomba kahawa. Nilimmiminia, nusu ikaingia kwenye kikombe na nusu kwenye meza. Alikunywa yote. Nikamuuliza anasikiaje. Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Sisikii kitu, Chilo. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unajua ni wako, basi."

Petronila alilia mpaka Macario akamtafutia teksi. Nami nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Jumatatu asubuhi nilikuta kufuli kwenye mlango wa Don Evenor. Tangu nimjue, mlango ule haujawahi kufungwa kwa kufuli mchana, kwa sababu ninazozijua mimi na sasa mnazijua nanyi. Nikaacha mafuta kwa binti yangu nikatoka mbio na aproni yangu. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Ilipokuwa La Espiga ya kwanza sasa wanaziba matairi. Kutoka pale nikaenda kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona juu, nahesabu kwa kidole kama mwendawazimu.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Mbele yake palikuwa na ukuta wa matofali wa watu wanaoosha magari, na maji ya sabuni yanapita.

"Don Evenor, jua hili litakuua. Twende nyumbani. Unamngoja nani hapa?"

"Simngoji mtu. Naangalia alichokiona."

Nikasimama naye. Gari moja likaoshwa likaondoka, likaja jingine. Hatimaye akavaa kofia yake.

"Nitakuja tena kesho," akasema, "na keshokutwa. Zitakuwa siku tatu. Halafu umpigie simu mpwa wangu wa Masaya, umwambie mlango wa kile chumba aniachie wazi, nahamia."